Navua Joho

Praxeda alikamatwa asubuhi ya siku ya mwisho, kando ya kisima, ndoo ikiwa bado mkononi. Aliyemkamata alikuwa Luqmani, fundi seremala wa pale pale kijijini Moa, ambaye mwaka ule alikuwa Mkuu wa Gereza la Wapwani. Hakumgusa. Alimvisha tu uzi mweupe kwenye kifundo cha mkono, akasema, "Mjumbe, safari yako imeishia hapa," na kwa sheria za mchezo ikawa imeishia hapo kweli.

Mchezo wenyewe watu wanauita Vita vya Muhuri. Ulianzishwa zamani na Mwalimu Hosea, alipokuwa akifundisha sekondari moja huko Muheza. Kila Agosti, likizo ya Nane Nane, alikuwa akiwaleta wanafunzi wake pwani, anawagawa mafungu mawili kwa kura, Wabara na Wapwani, anampa kila mmoja cheo na jina la kuishi nalo kwa siku tatu. Kuna muhuri wa mti uliochongwa. Upande utakaokuwa nao jua likizama siku ya tatu ndio ulioshinda. Basi. Wanafunzi wale walikua, wakaoa, wakaolewa, wakaota vitambi na mvi, na bado Agosti ikifika walifunga safari, wengine kutoka Korogwe na Lushoto, kuja kujificha vichakani na kupelelezana kama watoto. Wake zao na waume zao waliwacheka, halafu mwaka uliofuata wakaja nao.

Nyumbani kwake Muheza, Praxeda alikuwa muuza dawa, na alikuwa mwoga. Mbwa akibweka mtaa wa pili, yeye anafunga mlango. Mumewe, Abrahamu, alizoea kuamshwa aende kuangalia kilichogonga batini, akakuta ni chungwa la jirani limedondoka. Lakini siku zile tatu za Agosti mke huyo huyo aliitwa Mjumbe, na Mjumbe alikuwa hatishiki. Alishawahi kuhojiwa kutwa nzima na walinzi wanne wakipokezana, asiseme neno. Habari hizo zilimtangulia kila mwaka, naye alitembea nazo kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Mwaka ule alikuwa upande wa Wabara, na ni yeye na Saleha tu waliojua Muhuri ulipofichwa. Saleha, mwanamke wa Pangani, ndiye aliyekuwa Waziri wao.

Luqmani alimpeleka mikokoni. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa; walivuka mkono wa bahari kwa miguu, matope yakiwafika vifundoni tu, wakapanda kilima kidogo katikati ya mikoko. Hapo palikuwa na kibanda cha makuti cha wachemsha chumvi wa zamani. Luqmani akaketi mlangoni, Praxeda ndani juu ya gogo.

"Muhuri uko wapi, Mjumbe?"

"Uko mahali pake."

"Unajua mahali hapa panaitwaje? Wazee walipaita Kaburi la Wabara."

"Basi Wabara wamelala pazuri. Kuna kivuli."

Luqmani alikuwa na sauti nzito na macho makubwa, na alijua kunyamaza. Alimsimulia habari za watu waliomezwa na matope, polepole, huku akichonga kijiti. Praxeda alisikia nywele za shingo zikimsimama, na akaifurahia ile hofu. Ndiyo aliyoifuata. Ilikuwa hofu yenye mlango, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe, kwa maana kila mchezaji alikuwa na maneno mawili ya kuuzima mchezo: "Navua joho." Yakitamkwa, kila anayeyasikia anarudi kuwa mtu wa kawaida papo hapo. Lakini yana gharama. Mlinzi akiyatamka, mateka wake anakwenda zake. Mateka akiyatamka, siri yake ni ya walinzi. Kwa hiyo hayakuchezewa. Na tangu mchezo uanze, hajatokea mtu aliyeyatamka kwa uongo.

Adhuhuri ikapita. Luqmani aliswali nje ya kibanda, akarudi, akauliza yale yale, akajibiwa yale yale. Kisha Praxeda akaona mabadiliko. Luqmani alianza kusimama mara kwa mara, anatazama upande wa mkono wa bahari, anakaa, anasimama tena. Kijiti alikitupa.

"Maji yanajaa, Mjumbe," alisema. "Leo ni bamvua, maji makubwa kuliko yote ya mwezi. Bamvua hii inafika hapa ulipokaa."

"Basi Mkuu wa Gereza ataloa kanzu."

"Sema ulipo Muhuri, tuondoke."

"Kaa, Mkuu. Unachosha miguu bure."

Moyoni alimsifu. Miaka yote Luqmani alikuwa akitisha kwa sauti tu, na leo alikuwa anatisha kwa mwili mzima: jasho lilimtoka kwenye paji la uso, mkono ulimtetemeka alipouegemeza kwenye mwimo wa mlango. Hata alipotoka na kupaza sauti kuelekea kijijini, "Rahimuu! Ewe Rahimuu!", Praxeda alitabasamu gizani mwa kibanda. Huyu kajifunza, aliwaza. Huyu kaja amejiandaa.

Nje kulikuwa na sauti ndogo, kama mchele unapomiminwa kwenye ungo. Ilitoka pande zote. Ilikuwa maji yakipita katikati ya mizizi.

Kisha kisigino chake kikapata baridi. Alitazama chini. Ulimi mwembamba wa maji, wenye povu na jani moja la mkoko, ulikuwa umeingia chini ya ukuta wa makuti na kulizunguka gogo. Akainua uso. Luqmani alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama.

"Navua joho," alisema. "Dada Praxeda, navua joho. Shemeji yangu Rahimu alikuwa aje na mtumbwi tangu saa nane. Hajaja. Mkono wa bahari umeshajaa. Hatuvuki."

Praxeda hakumshuku hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha kuliko maji. Sauti nzito ilikuwa imekwenda zake, na mbele yake alibaki fundi seremala wa makamo, mwenye watoto, aliyeshikwa na hofu. Kila alichokuwa akikicheka tangu adhuhuri, jasho lile, mkono ule, kilikuwa cha kweli. Akaling'ang'ania gogo alilokalia.

"Mimi sijui kuogelea," alisema. "Kaka Luqmani, mimi sijui kuogelea."

"Najua. Inuka. Shika mkono wangu."

Walitoka. Pale walipovuka asubuhi kwa matope ya vifundo, sasa palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi kuelekea ndani, yamebeba magome na vifuu vya nazi. Ng'ambo, miti ya kijiji ilionekana karibu kabisa. Walisikia hata jogoo. Waliita pamoja mpaka koo zikawakauka, lakini upepo wa kusi uliwarudishia sauti zao wenyewe. Simu hawakuwa nazo. Simu zote zilikuwa ndani ya kapu la Mwalimu Hosea, kama kila mwaka.

"Naweza kujitupa nikaogelea," Luqmani alisema. "Maji yana nguvu, lakini pengine nitafika. Nikalete mtumbwi."

Praxeda alimshika kanzu kwa mikono miwili. Hakufikiri, mikono yenyewe ilikwenda. "Usiniache hapa. Nakuomba kwa Mungu, usiniache."

Luqmani akatazama maji, akamtazama yeye. "Sikuachi," alisema.

Palikuwa na mkoko mmoja mkubwa nyuma ya kibanda, wenye tawi la kulalia. Alimsukuma juu kwa bega, kisha akapanda yeye, akakaa chini yake ili akiteleza amwangukie. Maji yalikuwa magotini mwake alipopanda. Muda si muda yakakilemea kibanda, makuti ya ukuta yakaanza kuyumba, kisha upande mmoja ukalala taratibu, na lile gogo likaelea likatoka mlangoni kama mtu anayeaga.

Praxeda alifumba macho, akamwita Mjumbe. Alijitahidi kukumbuka jinsi anavyokaza shingo na kutafuta jibu la kejeli. Mjumbe hakuja. Aliyekuwa juu ya mti alikuwa ni mama Praxeda wa duka la dawa, anayetetemeka hadi meno yanagongana. Akaanza Salamu Maria, akaisahau katikati, akaanza upya. Chini yake Luqmani alikuwa akisoma ya kwake, kwa sauti ya chini, bila kupumzika.

Halafu kaa wakaja. Walikuwa wakikimbia maji kama wao, wadogo, wekundu miguu, wakipanda shina kwa makundi. Walipita juu ya vidole vyake. Mmoja akaingia kwenye mkono wa blauzi. Praxeda alipiga ukelele na kuachia tawi.

Alianguka mpaka kiunoni ndani ya maji. Alihisi mkondo ukimvuta miguu kwa nguvu asiyoitarajia, kama unamjua na una haraka naye, kisha mkono wa Luqmani ukamkamata kwapani. Luqmani alimvuta huku akiguna, gome likimchuna kifua, mpaka akamrudisha kwenye tawi. Hapo wote wawili wakalia. Hawakuoneana haya.

"Muhuri umo ndani ya gunia la mkaa," Praxeda alisema ghafla. "La nyuma ya jiko la..."

"Usiniambie!"

"Nitakufa nao? Nitakufa na siri ya kijinga namna hii?"

"Hufi. Na usiniambie. Sitaki kujua." Akajishikilia upya kwenye shina. "Niliyaona maji mapema, dada. Mapema sana. Nikasema, nikivua joho sasa, nimekupoteza wewe na ushindi wote. Nikasema ngoja, Rahimu atakuja. Ngoja, atasema tu. Nina watoto, lakini nikawa nangoja Muhuri."

Maji yalikuwa yamefika kwenye nyayo za Praxeda. Alikunja miguu, yakamfuata. Alikunja tena.

Rahimu alikuwa wapi? Alikuwa kambini kwa Wabara, na uzi mweupe mkononi. Walimkamata akiusukuma mtumbwi majini, tena kwa shangwe. Alikuwa mgeni, ameletwa na shemeji yake kwa mara ya kwanza. Aliwaambia kwamba kuna watu mikokoni na bamvua inaingia. Wakacheka: mateka wote husema hivyo. Akapiga magoti, wakampigia makofi. Aliambiwa siku ya kwanza kuwa kuna maneno ya kusema ukitaka kutoka, lakini kwa hofu yakamtoka kichwani, akawa anasema "naacha mchezo", "nimeshindwa", "wallahi nasema kweli", na yote hayo yalikuwa maneno ambayo mchezaji mzuri angeyasema.

Saleha ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alimwona Rahimu anajikojolea. Akageuka akatazama baharini, akaona ngazi za gati zimebaki mbili juu ya maji, naye ni mtoto wa Pangani, hakuhitaji kuelezwa. Akapiga kelele, "Navua joho! Jamani, navua joho!" na kambi nzima ikakimbilia mtumbwi.

Mtumbwi ulipowafikia, bahari ilikuwa imetulia, imejaa pomoni, wala haijaanza kurudi. Praxeda alikuwa amekaa majini mpaka mapajani. Vidole vyake ilibidi wavikunjue kimoja kimoja. Mwalimu Hosea, mzee wa watu, alikuja ndani ya mtumbwi ule ule bila kofia, na Praxeda, sijui ni mazoea au ni akili kupotea, alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Badala ya kuitikia, mzee alivua koti lake. Akamfunika.

Jioni walikaa wote kwenye uwanja wa shule. Mwalimu alisema mchezo umefika mwisho wake. Alisema amekuwa akiwafundisha watu wazima kudharau kilio cha mwenzao, na hakujua. Watu waliinamisha vichwa. Luqmani akasimama, kifua kimefungwa bandeji, akaeleza jinsi alivyongoja, bila kujipunguzia. Rahimu hakuja kabisa.

Praxeda aliulizwa kama ana neno. Alisema hana. Alisema anataka kwenda kwake.

Kwa miezi kadhaa hakuweza kuvumilia sauti ya maji yakijaa kwenye pipa. Abrahamu alijifunza kufungua bomba kidogo kidogo. Hakumwambia asirudi Moa. Aliona hakuna haja. Lakini mwezi wa sita Saleha alipiga simu. Watu wanauliza, alisema. Mwalimu amekubali, kwa masharti: nchi kavu tupu, simu ya akiba kwa kila mlinzi, na anayeomba kutoka anatolewa, aseme atakavyosema. Hakumbembeleza. Alimsalimia Abrahamu, akakata.

Agosti ilipofika, Praxeda alirudi Moa siku ya kwanza ya mchezo. Waligawa vyeo. "Nipeni chochote kisichotaka ushujaa," alisema, wakamfanya mpishi wa Wapwani. Luqmani, safari hii upande wa pili, alimpungia mkono kwa mbali, naye akapunga.

Alasiri alikuwa peke yake jikoni, anachambua mchele, aliposikia kokoto zikisagika chini ya viatu. Wabara wawili walikuwa wanazunguka ukuta. Moyo ulimruka. Alishuka polepole nyuma ya magunia, akajikunja, akashika pumzi. Viatu vikasimama karibu naye kabisa. Mtu mmoja akanong'ona, "Mpishi yuko wapi?" Mwenzake akafunua sufuria, akaiba andazi.

Praxeda alikuwa anatetemeka kila kiungo. Akauma ncha ya kanga yake, kwa nguvu, asije akacheka.