Mpira wa Chama Bado Uko Juu

Jumanne asubuhi Komeo alikuwa amelipindua sofa la mkuu wa shule, miguu juu, anang'oa pini za stepla moja moja kwa bisibisi bapa na kuzitia kwenye kopo. Kibandani mwake mlikuwa na sofa tatu nyingine za wateja, na zote zilikuwa na watu. Kwenye la bluu alikaa Kinyozi, ambaye saluni yake ni mlango wa pili na ambaye wateja wake wamezoea kumfuata huku wakiwa na taulo shingoni. Kwenye la kahawia alikaa Mwalimu, mstaafu wa hesabu, na daftari lake. Mama Duka hakukaa. Alijiegemeza tu kwenye mkono wa sofa la tatu, maana duka aliliacha wazi na alikuwa anarudi sasa hivi, tangu saa mbili.

Walikuwa wanauzungumzia mpira, kama walivyouzungumzia kwa miaka ishirini na miwili.

Komeo alikuwa beki wa kati, na jina hilo alipewa na mashabiki kwa sababu akisimama yeye hapiti mtu. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, dakika ya themanini na nane ya mechi moja ya kawaida, alibutua mpira kuuondoa golini, ukaenda juu na haukurudi. Refa alisubiri dakika kumi na moja, akaangalia saa, akapuliza filimbi ya mwisho. Siku hizo Chama cha Mpira kilikuwa na mpira mmoja tu wa mashindano, wenye muhuri. Wiki iliyofuata Komeo alipokea barua: amefungiwa kukanyaga uwanja wowote, kwa kazi yoyote, mpaka mpira wa Chama utakaporejeshwa. Akaenda kujifunza kutengeneza makochi kwa mjomba wake.

Mpira wenyewe haukupotea. Uko pale pale juu ya mtaa, na kukiwa hakuna mawingu unaonekana, kidoa cheusi kilichosimama. Watu wanaanika nguo chini yake.

Hayo yote Komeo alishayazoea. Ambacho hakuweza kukizoea ni Jumamosi iliyokuwa inakuja. Binti yake, mwenye miaka kumi na saba, beki wa kati kama yeye, alikuwa anacheza fainali ya wasichana. Kocha wao alikuwa amehamishwa kikazi, na wasichana wakakaa, wakakubaliana kwamba wanamtaka Komeo na hawamtaki mwingine. Yeye ndiye aliyemfundisha binti kila anachokijua, humu humu kibandani, sofa zikiwa washambuliaji. Lakini hajawahi kumwona akicheza ila kwa kuchungulia kwenye uzio. Akikanyaga mstari wa chokaa tu, timu inaondolewa mashindanoni. Aliitaka Jumamosi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alikuwa analisema hilo kwa sauti huku akivuta pini.

"Basi nisikilizeni," alisema Mwalimu, akafungua daftari. Kila siku saa nne hupima kimo cha mpira kwa kipimapembe chake cha shule. "Wiki iliyopita Kinyozi aling'olewa jino, akanyamaza siku mbili. Mpira ukashuka mita mia moja na arobaini."

"Nilikuwa na pamba mdomoni," Kinyozi alijitetea.

"Ulipotoa pamba ulipanda mita mia mbili."

Mwalimu akaeleza bila haraka. Kinachoushikilia mpira si upepo. Ni chumvi. Uwanja ule ulikuwa unachukua watu elfu nne, lakini wanaosema walikuwepo siku ile, kwa hesabu yake, wamefika elfu thelathini na moja, na baadhi yao bado wako sekondari. Kila anayesimulia jinsi alivyouona kwa macho yake anausukuma juu kidogo. Mashabiki ndio waliomfungia Komeo, kwa mapenzi tu.

 Kinyozi alikuwa amesimulia hadithi ile kwa kila kichwa alichokinyoa, na si mtu wa aibu, lakini sasa aliinamisha uso.

"Sikuwepo," alisema. "Nilikuwa nimelala nyumbani. Kelele za watu ndizo zilizoniamsha."

Mwalimu alitoka nje, akapima, akarudi. "Umeshuka mita sitini."

Mama Duka akasema yeye aliisikiliza redioni, na betri ziliisha dakika ya sabini. Kinyozi akawaita wateja wake wenye taulo, nao wakakiri mmoja mmoja. Habari zikaenda mtaani, na mpaka saa tisa watu walikuwa wamepanga foleni mbele ya kibanda kusema walikokuwa siku ile: msibani, kwa wakwe, chooni, hawajazaliwa. Mwalimu alikiri kwamba yeye alikuwepo kweli, ila sekunde ile alikuwa ameinama anaandika, na alipoinua macho aliona shingo za watu tu. Mpira ukashuka mpaka usawa wa nguzo ya umeme, ukagoma hapo.

Wote wakamgeukia Komeo. Alimwangalia binti yake, aliyekuwa ametoka shule na begi bado liko mgongoni.

"Sikuwa naubutua," alisema Komeo. "Nilikuwa nampa kipa pasi. Niliukosea."

"Baba, mimi nilijua," alisema binti. "Hata hapa kibandani unaupiga kwa ncha ya kidole."

Mpira ukaanguka barabarani, ukadunda mara mbili, ukaingia ndani ya sofa lililopinduliwa. Ulikuwa na baridi sana, na upepo wake ulikuwa umejaa vile vile.

Alhamisi waliupeleka ofisini kwa Chama. Karani, mzee mwenye miwani ya kamba, aliwapokea vizuri, akaufuta mpira kwa kitambaa, akakagua muhuri kwa lenzi.

"Ni wetu," alisema. "Sasa naomba mashahidi wawili waliouona ukitoka uwanjani, ili niandike kwamba huu ndio ule."

Mwalimu akasimama, akaeleza habari za shingo. Karani alimsikiliza mpaka mwisho. "Shingo si mpira, Mwalimu," alisema.

Kinyozi akamtazama Komeo, akautazama mlango. "Mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikaa safu ya tatu."

Mpira ukanyanyuka mezani, ukapita pembeni ya feni na kuganda kwenye dari. Karani aliweka kalamu chini.

"Siwezi kupokea mali isiyokuwa mezani."

"Nilikuwa nimelala," alisema Kinyozi.

Mpira ukashuka.

"Sasa mali ipo, ila shahidi hayupo. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walishamaliza."

Mama Duka naye akajaribu, kisha Kinyozi tena, kwa safu ya tano. Ilibidi feni izimwe. Mwishowe Mwalimu akauliza: "Na wewe mwenyewe, mzee, siku ile ulikuwa wapi?"

"Mimi? Nilikuwa mshika kibendera, upande wa mashariki. Nilikuwa karibu yake kuliko hata kipa. Niliuona ukitoka mguuni mwake, nikauona ukipita mlingoti, nikauona mpaka macho yakauma."

Wote waliutazama mpira. Ulitulia tuli.

"Basi jiandike wewe," alisema Komeo.

"Mpokeaji hawezi kuwa shahidi wa anachokipokea. Ni kanuni."

"Mpokeaji mwingine yuko wapi?"

"Nafasi yake haijajazwa."

"Tangu lini?"

Karani alifikiri kwa uaminifu. "Tangu mwaka ule," alisema, akamrudishia mpira wake.

Jumamosi mashabiki walilibeba sofa la bluu mpaka nje ya uzio wa uwanja, ili Komeo akae. Hakukaa. Alisimama ameshika waya tangu filimbi ya kwanza, akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Binti alipokuja kurusha mpira upande ule, Komeo alimwambia namba tisa wa wapinzani hana mguu wa kushoto, amsukumie huko huko. Binti akamsukumia huko huko. Jua lilipoegemea magharibi, refa alisimamisha mchezo, akamfuata Komeo na kumwambia kwa heshima kwamba kivuli chake kimelala ndani ya chokaa. Komeo akaomba radhi, akarudi nyuma hatua nne. Yaliyobaki aliyasikia zaidi kuliko kuyaona. Wasichana wake walishinda moja bila.

Jumatatu kibanda kilijaa. Kinyozi alisimulia fainali nzima kuanzia dakika ya kwanza, bila kuongeza hata kona moja, kwa sababu safari hii aliiona. Mpira ulikuwa sakafuni karibu na gunia la sponji, na Mwalimu alikuwa akiuangalia kila baada ya sentensi chache. Haukusogea. Kinyozi alipomaliza alikuwa ametoka jasho.

Ndipo binti akaingia na nakala ya ripoti ya Chama, iliyobandikwa asubuhi ile. Aliisoma kwa sauti. Uwanja, mzuri. Mfungaji, namba kumi na moja. Kadi, hakuna. Kocha wa timu iliyoshinda, hakufika.

Mpira ukaachana na sakafu. Ulipita usawa wa magoti, ukapita usawa wa vichwa, ukatoka kwa mbele, chini ya ukingo wa paa, na kuanza kupanda.

"Mimi sijasema kitu," alisema Kinyozi.

 Binti alikuwa bado ameishika karatasi. Chini yake kulikuwa na sahihi ya karani na muhuri uliogongwa sawasawa, bila kulegea popote.

"Nilikuwepo," alisema Komeo. "Imeniuma."

Mwalimu alitoka nje na kipimapembe. Mama Duka akasema anarudi sasa hivi. Komeo alifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sofa, kisha akamwomba binti amshikie sofa upande wa pili, maana mkuu wa shule alikuwa anakuja saa kumi.