Kombe la Maneno ya Kibao

Kioko alikuwa wa thelathini na moja kwenye foleni ya zahanati, na jua lilishapanda. Begani alimbeba Zilpah, bintiye wa miaka mitatu, anayechemka homa na kulia siku ya nne. Mlango wa pili ulikuwa wazi, ndani mna feni na benchi tupu. Juu ya mlango huo palikuwa na kibao: WAZUNGU TU. Kibao hicho alikiandika Kioko mwenyewe, mwaka 1943, maana ndiyo kazi yake, na herufi zake, tuseme kweli, zilikuwa nzuri.

Mara tatu aliuendea mlango ule. Roho ilishakata shauri. Ila hatua tatu kabla ya kizingiti macho yalisoma, miguu ikaganda. Zahanati ikafungwa zamu yake haijafika.

Jioni, kwa aibu, alimweleza Bi Mwanakuu, mwenye nyumba aliyopanga mtaa wa Kuze.

"Mato yako yasoma kabla hujayaamuru, mwanangu," alisema. "Hilo lina dawa."

Akaleta sahani nyeupe, akamtaka ayaandike yale maneno kwa zafarani, vile vile alivyoyaandika kibaoni. Kisha akayaosha kwa maji ya waridi, akammiminia kikombe.

"Haya, nwa kombe lako. Kesho utaona mikwaruzo tu."

Yaliyobaki akayatia chupani, akampa.

Asubuhi aliporudi na Zilpah, kibao kilikuwa na mikwaruzo, kama kuku amepita juu yake. Miguu ikaingia ndani.

"Hujui kusoma?" aliuliza daktari, Mzungu wa makamo mwenye uso wa huruma.

"Tangu jana, la, bwana."

Daktari aliona jibu linatosha. Alimtazama mtoto, akasikitika kwelikweli, akanyoosha mkono ampime. Mkono ukasimama hewani, shibiri moja kutoka kwenye paji la Zilpah. Akausukuma kwa mkono wa pili, nao ukakwama hapo hapo. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, maskini.

"Nataka," akasema. "Mikono haikubali."

"Naelewa, bwana. Hata miguu yangu ilikuwa hivyo hivyo." Kioko akaitoa chupa. "Nimebakisha kidogo. Funda moja tu."

Daktari aliitazama chupa kwa adabu.

"Ahsante," akasema, "lakini mimi si mgonjwa."

Kioko akamweka Zilpah begani, akatoka. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mtoto hakuwa akilia tena. Kioko akauliza nani wa mwisho, akasimama nyuma yake.