Sweta la Mama Patrick

Watu husema nina mdomo mchungu. Sawa, lakini biashara yangu haijawahi kufa kwa sababu ya mdomo huo. Mwaka 2004 nilikuwa nauza masweta ya Njombe huku nimekaa Makambako, kwenye chumba changu cha intaneti karibu na stendi. Wateja wa Arusha, wale wanaopandisha wageni mlimani, waliniandikia barua pepe, nami nikapakia mzigo kwenye basi. Wafumaji walikuwa kina mama wa vijiji vya kandokando ya misheni, huko Njombe. Hawakuwa waajiriwa wangu. Kila mmoja alifuma kwake jikoni, karibu na moto, akamuuzia amtakaye.

Stadi kuliko wote alikuwa Eufrasia, Mama Patrick. Alikokwenda yeye, wote walikwenda.

Mwezi wa sita mteja wangu mkubwa aliandika kwamba akipata tena sweta lenye mikono isiyolingana, tusijuane. Nikapanda Njombe kukusanya mzigo. La kwanza kushika lilikuwa la Eufrasia, zuri machoni. Nikapima mikono, mmoja umepungua. Nikalifumua palepale mbele ya wenzake.

"Mama Rehana, unanifumulia kazi kama mtoto wa shule?" aliniuliza.

"Ningekuwa nakudharau, ningelipokea."

Alikusanya uzi wake akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Wiki hiyohiyo Mansoor, mfanyabiashara wa Iringa, akatua Njombe na gari lake. Alinunua kila kitu, kizuri na kibovu, na bei yake iliizidi yangu. Mume wangu Halfan akanishauri nikaombe radhi.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alisema.

"Nimeinama vya kutosha kupima mikono ya masweta."

Niliogopa, sitaficha. Bila Eufrasia sikuwa na cha kumpelekea yule wa Arusha, na jina langu lingeishia hapo. Lakini kuomba radhi kwa kusema kweli, hapana, hilo sikulelewa nalo.

Jumamosi mlango wa chumba changu kule Makambako ulifunguliwa. Alikuwa Eufrasia, amejitanda vitenge viwili kwa baridi, mkononi ana sweta moja.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, Mama Patrick. Karibu kiti."

Hakuketi. Aliliweka sweta mezani. "Kagua."

Nikapima mikono, ikalingana. Nikaligeuza ndani nje, nikafuata mishono kwa kidole, polepole, yeye amenikodolea macho. Nilipofika kwapani nikasimama.

"Hapa pana fundo. Litamkwaruza mtu."

"Nililiacha makusudi," alisema. "Mansoor nilimpa lenye fundo kama hilo. Hata kulikunjua hakulikunjua. Alilitupa kwenye gunia moja na matambara ya watu wasiojua kushika sindano. Pesa yake nimekula, lakini nimelala na hasira."

Machozi yalinilenga. Nilitaka kumkumbatia, ila mimi ni mimi. Nikamrudishia sweta lake.

"Basi kalifumue."

Eufrasia akacheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Kisha akafungua mlango, akawaita wenzake kwa Kibena. Waliingia mmoja mmoja, kila mtu na furushi lake, na wote walikuwa wameshayageuza masweta yao ndani nje.