Kumfunika Mchungaji

Katika Kanisa la Kisima cha Rehema, lile la mabati nyuma ya nyumba za mtaa wa Ziwani, kulikuwa na kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye katiba ya kanisa wala haikutajwa kwenye mkutano wa mwaka. Kazi hiyo ilikuwa ya Truphena Ayuma, na watu waliiita kufunika. Mtu akisimama kutoa ushuhuda, akasema Bwana asifiwe, akajibiwa, akaendelea vizuri, Truphena alikaa zake kimya. Lakini mtu akianza kupotea njia, akalia mpaka maneno yakamkwama, au akaanza kutaja majina ya watu walioketi mle ndani na tai zao shingoni, Truphena aliinuka, akapiga makofi mawili, akaanzisha pambio. Kanisa zima lilidakia, ngoma ikaingia. Mwenye ushuhuda aliimba na wenzake, akapangusa machozi, akaketi, na hakuna aliyeaibika.

Alikuwa na kipaji cha kazi hiyo, usicheze. Alimfunika Mama Shiru siku alipotaka kumtaja mwanamke wa mtaa wa Lucky Summer aliyekuwa akimchukua mumewe. Alimfunika Shiundu fundi vyuma alipoanza kumshukuru Mungu kwa kumwua msimamizi wake wa kazi. Miaka kumi na miwili alifanya hivyo, siku za wiki akipakia biskuti katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, Jumapili akiwafunika watu. Ungemwuliza kwa nini, angekujibu ni huruma. Na mara nyingi ilikuwa huruma kweli, hilo simnyimi.

Jumamosi moja ya Novemba, mwaka ule wa mvua ya El Nino, Waithera, mke wa mchungaji, alimkuta bombani akisubiri mtungi wake ujae. Waithera hakuwa amebeba mtungi wala ndoo.

"Dada Truphena, kesho Mchungaji atasimama."

"Si husimama kila Jumapili, Mama Sydney?"

"Si kuhubiri. Atasimama wakati wa ushuhuda, kama mtu wa kawaida."

Truphena alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha. Hakuna mchungaji aliyewahi kutoa ushuhuda pale. Ushuhuda ulikuwa wa washirika. Mchungaji alikuwa wa kuhubiri, kuzika, kubariki watoto na kuombea wagonjwa, na kama alikuwa na yake moyoni, basi akae nayo.

"Haombi," Waithera alisema. "Tangu Agosti. Kanisani mnamsikia anaomba, lakini nyumbani anapiga magoti, anakaa tu hivyo, halafu anainuka. Nilimwuliza. Akaniambia akifungua mdomo anasikia sauti yake peke yake. Nikamwambia aende kwa wazee wa kanisa. Akasema wazee watamfanya kama walivyomfanya Mchungaji Mulama. Sasa ameamua awaambie watu wote, mara moja."

Mulama alikuwa mchungaji wao kabla ya huyu. Aliwaambia wazee kwamba amechoka, akaomba miezi mitatu apumzike kijijini, naye Mzee Maingi, mwenyekiti wa wazee, akamwuliza kama shetani naye amechukua likizo. Walicheka sana katika mkutano ule. Kufikia mwisho wa mwezi nyumba ya kanisa ilikuwa imefunguliwa madirisha kwa ajili ya mchungaji mwingine, na Mulama alikuwa bawabu wa ghala, mwenye kofia na rungu.

"Nakuomba kitu kimoja," Waithera alisema, akamshika mkono. "Usimfunike. Hata akilia. Hata akinyamaza ukaona ni aibu. Mwache amalize. Asipomaliza kesho hatajaribu tena, mimi namjua bwanangu."

"Haki ya Mungu, Mama Sydney, sitainuka," Truphena alisema. Mtungi ulikuwa umejaa zamani, maji yanamwagika kwenye viatu vyao.

Truphena alijua Agosti kulikuwa na nini.

Agosti alikufa Nekesa, binti ya dada yake. Truphena alimlea tangu darasa la nne, na binti huyo alikuwa na sauti ya kwanza katika kwaya, sauti ambayo ilimfanya hata Maingi avue miwani. Aliugua ule ugonjwa ambao siku zile watu wa mtaa walikuwa hawautaji. Walisema ni kifua. Mwaka huo Mchungaji Bedan Njogu, mume wa Waithera, alikuwa amezika mpaka koti lake jeusi likachakaa mabegani. Alitoka matanga haya akaingia matanga yale, na kati ya hayo akapita wodini, ambako wagonjwa walilala wawili wawili kitandani. Hakuna aliyemwuliza yeye analala saa ngapi. Walimwuliza tu atafika saa ngapi.

Siku alipofika wodini kwa Nekesa aliomba kama alivyoomba kila mahali, Bwana mapenzi yako yatimizwe. Truphena alimkamata mkono wa koti.

"Mchungaji, usituombee hivyo. Sema neno. Sema ataishi."

"Dada, mimi nimeomba."

"Kuomba hata mimi naomba! Wewe ni mtumishi wa Mungu. Bwana huambia watumishi wake. Amekuambia nini? Sema!"

Bedan alimtazama Nekesa, na Nekesa alikuwa akimtazama yeye, macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Akina mama watatu wa kanisa walikuwa wamesimama pale, wamekunja mikono, wanangoja. Akasema polepole, "Bwana ameniambia Nekesa hatakufa."

Truphena alipiga vigelegele mle mle wodini hata nesi akaja. Jumapili yeye ndiye aliyesimama mlangoni akawaambia watu mmoja mmoja, na mchungaji alipopanda madhabahuni kanisa lilikuwa tayari linashangilia, kwa hiyo akalazimika kulirudia neno lile mbele ya wote. Jumatano Nekesa akafa.

Bedan alisafiri nao mpaka kijijini kwao magharibi, akamzika, akarudi. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya kuta za Yeriko, wakaitika amina. Hakuna aliyemwuliza, Mchungaji, lile neno lilikuwaje? Walimheshimu mno. Truphena pia alimheshimu. Alimheshimu kwa kupita upande wa pili wa barabara kila alipomwona.

Jumapili ya Novemba mvua ilikatika asubuhi. Wiki nne mfululizo ilikuwa ikipiga mabati hata mahubiri yakawa ya kukisia, lakini siku hiyo ungesikia mtoto akinyonya. Wakati wa ushuhuda Mzee Maingi aliwaita wale wa kawaida: mama aliyepona meno, kijana aliyepata kibarua. Kisha Bedan akashuka madhabahuni. Alisimama kando ya benchi la tatu, mahali wanaposimama watu, mikono haijui iende wapi.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Asifiwe tena."

"Amina," wakajibu, wengine wakitabasamu, maana lilikuwa jambo geni na la kupendeza.

"Ndugu zangu, mimi sina ushuhuda mzuri. Tangu Agosti sijaomba. Nasimama pale nawaombea ninyi, lakini mimi mwenyewe siombi. Siwezi. Nimeona niwaambie, kwa sababu nikiendelea hivi nitawadanganya mpaka nizeeke."

Matabasamu yalibaki nyusoni mwa watu, hayajapata mahali pa kwenda. Truphena alikaa kwenye kiti chake cha mbele upande wa kwaya, vidole amevifungia ndani ya leso. Moyoni alijiambia, kaa, Truphena. Kaa.

"Nataka niwaambie ilianzia wapi. Ilianzia wodini, kwa marehemu Nekesa. Niliwaambia hatakufa. Niliwaambia nimeambiwa na Bwana." Akameza mate. "Sikuambiwa kitu, ndugu zangu. Sikusikia chochote. Nilisema kwa sababu..."

Kanisa halikukohoa. Mzee Maingi alifunga Biblia yake, akamwinamia mzee mwenzake, akasema kitu sikioni. Bedan alikuwa akitafuta neno, macho yanatembea juu ya vichwa vya watu, yakafika upande wa kwaya, yakatua kwa Truphena. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama kama mtu anayeomba ruhusa.

Truphena akainuka. Makofi mawili yalilia, na sauti yake ikatoka kabla hajajua ameifungua, pambio la shangwe lile la haraka ambalo hata wazee wenye magoti mabovu hulichezea. Kanisa lilidakia kwa shukrani kubwa, kama watu waliofunguliwa mlango. Ngoma ikaingia, kayamba zikaingia. Akina mama walimwendea mchungaji wao wakamzunguka, wakampepea kwa leso, na mmoja akasema kwa sauti, jamani, ona unyenyekevu wa mtumishi huyu! Waliimba ubeti baada ya ubeti. Bedan alisimama katikati yao. Baada ya muda akaanza kupiga makofi pamoja nao, taratibu, kwa mapigo sahihi.

Ni Waithera peke yake aliyebaki ameketi, mkoba magotini, akitazama sakafu.

Pambio lilipokwisha Mzee Maingi alishukuru kwa ushuhuda wa mchungaji, ambaye alijaribiwa na adui naye akashinda. Bedan akarudi madhabahuni. Alihubiri vizuri sana siku hiyo, kila mtu alisema hivyo.

Jioni Truphena alijitetea peke yake akichambua mboga ya sukuma. Maingi alikuwa tayari ameanza kunong'ona; wangemfukuza; Waithera na watoto wangelala wapi na mvua hii? Amemwokolea mtu kazi yake. Ilikuwa hoja nzuri, na kwa nusu saa ilimtosha. Kisha akaweka kisu chini. Hakuwa amemwogopa Maingi. Aliijua ile sentensi iliyokatika ilikuwa inakwenda wapi. Ilikuwa inakuja kwake. Nilisema kwa sababu nililazimishwa na dada huyu hapa, au hata kama asingemtaja, watu wangemgeukia, na yeye angelazimika kukiri kwamba alimfinya mtu mpaka akatoa uongo, halafu akamwachia aubebe peke yake miezi mitatu. Alilia pale jikoni, hasira na haya vimechanganyika, na sukuma hazikupikwa.

Jumatatu alikosa ujasiri. Jumanne hakupata kibarua. Msimamizi wa kiwanda alichagua wengine langoni akawafukuza waliobaki. Badala ya kurudi nyumbani alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mchungaji, matope mpaka kwenye vifundo.

Waithera ndiye aliyefungua. Alimtazama, akasogea kando, akasema, "Yuko," kisha akaingia jikoni. Pazia tu ndilo lililotenga jikoni na sebule.

Bedan alikuwa mezani na daftari la mahubiri. Aliinuka upesi, akamkaribisha kwa mikono miwili.

"Dada Truphena! Karibu, karibu. Goti lako lile linalokuuma linaendeleaje?"

"Mchungaji, sijakuja kwa ajili ya goti. Nimekuja umalize."

"Nimalize nini?"

"Ushuhuda. Nilikukata. Mama Sydney aliniomba nisiinuke, nikaapa, na bado nikainuka. Maliza sasa. Sema ni mimi niliyekusukuma. Niambie hapa, na Jumapili nitasimama na wewe niwaambie wote. Nitasema mimi kwanza."

Kwa muda mfupi sana kitu fulani kilipita usoni mwake, na Truphena akainama mbele kukipokea. Kisha kikaondoka. Bedan alitabasamu lile tabasamu lake la mlangoni baada ya ibada, lile ambalo kila mshirika alipewa sawa.

"Ushuhuda ulikwisha, dada. Mlipoimba ndipo ulipokwisha. Na mliimba vizuri."

"Mchungaji, tafadhali."

"Nilikuwa nimechoka tu. Mvua hii, na mazishi. Sasa niko sawa. Usijitese."

"Hauko sawa!"

"Niko sawa," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Truphena kuliko kama angemfokea. "Jumamosi tuna mazishi mengine, mtu wa kule Starehe. Kwaya itakuja?"

"Itakuja," Truphena alisema, kwa maana hakujua aseme nini kingine.

"Basi tuombe kabla hujaenda."

Truphena akafumba macho, Bedan akaanza. Aliomba maombi mazuri, yenye kupanda na kushuka mahali panapofaa. Aliombea goti lake, kazi yake kiwandani, kwaya, jamaa za marehemu Nekesa. Alipolisikia jina hilo limepita kama majina mengine yote, Truphena alifumbua macho.

Macho ya Bedan yalikuwa wazi. Yalikuwa yakitazama ukuta juu ya kichwa chake, makavu, huku midomo ikiendelea kumwita Baba, Baba. Yakashuka, yakakutana na yake. Hakusita wala hakuyafumba. Aliendelea kuomba akimtazama hivyo hivyo mpaka akafika kwa jina la Yesu.

Nyuma ya pazia sufuria zilikuwa zimenyamaza. Waithera alikuwa anasikiliza. Truphena akajaza pumzi kifuani, akaitika amina kwa sauti kubwa, ya furaha, ili asikike mpaka jikoni.