Nyota Moja kwa Mwimbaji Asiyejulikana

Tangu aache kutengeneza redio, Fundi Sikio hakuwa na kazi nyingine ila kupanga nyimbo kwenye kompyuta. Jina la Sikio walimpa wateja, naye akalivaa kama koti la harusi. Alijisifu kwamba mwimbaji akivuta pumzi tu, hajatamka hata neno, yeye keshamjua. Na mara nyingi, tuseme haki, alipatia.

Kompyuta ilikaa sebuleni juu ya meza ya cherehani ya mkewe. Cherehani yenyewe ilihamia sakafuni, nyuma ya mlango. Kutwa mzee alichomeka waya kwenye redio kaseti, akaingiza kanda za zamani, kisha akaupa kila wimbo kitambulisho chake: mwimbaji, jina la wimbo, mwaka, na mwisho kabisa maoni na nyota. Nyota tano, wimbo wa kuringia wageni. Nyota tatu, unavumilika. Chini ya hapo ni pipani, maana kompyuta ilikwisha shiba kama chatu. Wala hakuwa na desturi ya kusikiliza wimbo mpaka mwisho. Anasikiliza kidogo pale mwanzo, anaandika, anahamia mwingine. Muuza samaki mzoefu, alikuwa akisema, hahitaji kumla samaki ndipo ajue kaoza.

Jumapili moja mchana alikuja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mpishi wa hospitali mwenye mdomo usio na breki. Ndiye aliyemletea mfuko wa kanda walizozikuta wakihamisha vitu vya marehemu mama yao.

"Shemeji, zile kanda zangu umezimaliza?"

"Zamani. Zote zimo humu, zimepangwa kama askari gwaride."

"Basi tuwekee ile ya dada."

"Dada gani?"

"Kwani una wake wangapi? Dada! Ile kanda isiyoandikwa kitu. Si aliimba na bendi ya kiwanda cha nguo, kabla wewe hujaja kutusumbua?"

Mzee akacheka, akidhani anataniwa. Mkewe aimbe? Miaka yote hii hajamsikia hata akivumisha wimbo akiosha vyombo. Akageuka. Mkewe alikuwa mlangoni mwa jikoni, anafuta mikono kwa kitambaa, na hakuwa akicheka.

"Msimu mmoja tu," mkewe akasema. "Mambo ya ujana."

"Hukuwahi kuniambia, mama watoto."

"Akuambie saa ngapi?" shemeji akadakia. "Ndoa bado mbichi, mwenzio anafua huku anaimba, ukamwambia, 'Nyamaza kidogo, nasikiliza redio.' Alikuja nyumbani akatusimulia. Sisi tukacheka hadi machozi. Yeye, wala."

Mzee aliitafuta siku hiyo kichwani asiione. Lakini maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake kabisa, hata angeyasikia gizani angesema, huyu ni mimi.

Shemeji akaanza kuigiza gitaa la kanda ile kwa mdomo. Hapo mzee akachangamka. Gitaa lile alilijua! Wimbo huo aliuhifadhi, japo haukufikia kiwango, kwa ajili ya gitaa tu. Akaudaka kwa kipanya, akabonyeza, na kitambulisho chake kikafunguka. Herufi alizikuza zamani kwa sababu ya macho, kwa hiyo hata aliyesimama jikoni angesoma.

MWIMBAJI: HAJULIKANI. NYOTA: MOJA. MAONI: GITAA ZURI, MWIMBAJI ANAHARIBU.

Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza labda tangu azaliwe.

Mzee akakimbilia kufunga ukurasa, na kompyuta, ambayo siku zote ilikuwa mwendo mdundo, ikaamua kuganda. Wimbo unaendelea, sauti ya msichana inapanda, maandishi yako palepale. Jasho likamtoka mpaka kipanya kikateleza mkononi. Kompyuta ilipozinduka, akaanza kuongeza nyota: mbili, tatu, tano.

"Usinibandikie nyota kama mtoto wa chekechea," mkewe akasema. Alikuwa amekwisha sogea nyuma ya kiti. "Rudisha ilivyokuwa. Huo niliuharibu kweli. Nilikuwa na mafua, na yule mpiga gitaa alikuwa anakimbia kama kafukuzwa na nyuki. Weka wa pili. Wa pili ndio uliowainua watu vitini."

Laiti angegomba! Mtu akigombwa hupata pa kujificha. Lakini mwanamke alikuwa ameegemea kiti, uso umelainika, anangoja wimbo wake. Shemeji naye akajisogeza.

Mzee akazungusha kipanya juu ya folda, akapanda, akashuka, kama mtu anayetafuta funguo anazojua hazimo mfukoni.

"Haupo," akasema.

"Haupo vipi? Wa tatu je?"

"Nilizifuta. Zote zilizofuata. Nilisikia pumzi ya mwimbaji ni ileile, basi nikaona... sikusikiliza, mama watoto. Sikusikiliza hata mmoja."

"Sikio la kufa," shemeji akanong'ona, "halisikii dawa." Kisha akapata wazo. "Lakini kanda si ipo? Ataingiza upya!"

Mzee alikuwa na mazoea ya kifundi: kanda akishaiingiza, huifungua, huweka skrubu kwenye kopo, na utepe humpa mkewe. Mkewe huufanyia kazi nyuma ya nyumba. Wote watatu wakatazama dirishani. Miche ya nyanya ilikuwa imesimama wima, imefungwa kwenye vijiti kwa utepe wa kahawia, jua linaung'arisha.

Mzee akatoka bila viatu. Akachuchumaa kwenye mche wa kwanza, akaanza kufungua fundo kwa kucha. Utepe ulikuwa umenyeshewa, umenyauka, ukamkatikia vidoleni. Akajaribu mwingine.

"Acha," mkewe akasema dirishani. "Utaangusha nyanya."

"Nitakurekodi upya. Leo leo. Uimbe ule wa pili."

"Kwa sauti hii? Ili uipe ngapi?"

Shemeji hakungoja chai. Aliaga kwa adabu, na adabu yake ilimuuma mzee kuliko matusi.

Aliporudi ndani alikaa mbele ya kompyuta, akafuta maoni. Akafuta na neno HAJULIKANI. Kabla ya kuandika jina la mkewe, akasita, akaita, "Kwenye bendi walikuwa wakikuitaje?"

"Walikuwa na jina lao," sauti ikajibu kutoka jikoni.

Nafasi ikabaki tupu. Akaucheza wimbo, na kwa mara ya kwanza akaunyamazia hadi mwisho, mikono mapajani. Alikuwa akimtafuta mkewe mle ndani, katika pumzi, katika kila neno lililovutwa. Akafumba macho. Msichana aliimba vizuri kuliko alivyodhani, mafua na yote, lakini alikuwa msichana wa watu, mgeni kabisa.

"Umemaliza?" mkewe akauliza. "Nataka meza yangu."

"Bado," akasema, akaurudisha mwanzo.