Ubao wa Funguo Kumi na Tisa

"Na wewe, Mama Funguo, siku ukifungiwa nje, ufunguo wako wa akiba anao nani?"

Swali hilo aliwahi kuulizwa na jirani yake, Nesi, siku moja walipokuwa wakitaniana mlangoni. Nesi alikuwa ameshastaafu hospitali, ila jina lake lilikataa kustaafu. Mama Funguo alimjibu, "Mungu," wakacheka wote wawili mpaka Nesi akashika kiuno. Leo, saa nne asubuhi, swali lile lilimrudia, na kicheko hakikuwemo. Mbele ya kaunta yake alisimama mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, amemnyooshea simu.

"Nauliza tu, mama. Ufunguo wenyewe sina, nina picha. Unaweza kuchonga kwa kuangalia picha?"

Mama Funguo akavaa miwani. Shule aliishia darasa la saba, lakini meno ya ufunguo yalikuwa mwandiko ambao hakuna aliyemzidi kuusoma. Jino fupi, mawili marefu, fupi tena, na lile la tatu lina mkwaruzo pembeni. Mkwaruzo huo aliuweka yeye mwenyewe, siku tupa ilipomteleza. Kwenye kona ya picha, nyuma ya ufunguo, ilionekana ncha ya pazia la maua mekundu.

Hakuhitaji kugeuka. Pazia hilo lilikuwa nyuma yake, limening'inia mbele ya ubao wa funguo.

Akashika ukingo wa kaunta kama mtu anayefuta vumbi.

"Picha haina kipimo, baba," akasema, na akashangaa sauti ilivyotoka nzima. "Mlango uko wapi? Nitakuja mwenyewe nikitazame kitasa."

"Si mbali."

"Basi niletee mwenye mlango."

"Mwenye mlango ni mama yangu mzazi. Mgonjwa, hatoki." Mwanamume akatabasamu. "Kwani si wewe uliyeandika kwenye tovuti kwamba unawasaidia waliofungiwa nje?"

"Ni mimi."

"Haya. Nitapita tena. Sina haraka."

Akatoka taratibu. Pale nje akasimama kidogo, akatazama mkono wa kushoto, kwenye mlango wa kijani wa Nesi, kisha akashika njia ya kulia. Nesi hakujaliwa mtoto hata mmoja.

Habari ya tovuti ilianza baada ya duka kubwa la barabarani kuleta mashine inayochonga ufunguo kabla hujamaliza kukohoa. Wateja wa Mama Funguo wakapungua kama sabuni kwenye maji. Ndipo Binti Fotokopi, mwenye ofisi ndogo ya kuchapa pale kona, akamwambia, "Mama, mtu akifungiwa nje siku hizi haulizi jirani, anauliza simu. Na simu haikujui." Wakakaa na daftari, wakaandika: tunafanya nini, tupo wapi, tunafungua saa ngapi, utupigie namba gani. Wakachagua mpango wa bei nafuu kuliko yote, ukurasa mmoja, picha moja, na mabadiliko Jumamosi tu. Neno la siri la kuingilia, Binti alisema, "Nitakutunzia mimi." Mama Funguo akashukuru. Mambo ya kukumbuka yalikuwa yameshamjaa kichwani.

Mpaka hapo hapakuwa na kosa. Kosa lilikuja kwenye picha.

Walimpiga kwanza akiwa ameshika tupa. "Mama, hapa umekaa kama uko kwenye foleni ya sindano," Binti akasema. "Nyuma ya hilo pazia kuna nini?" Kulikuwa na ubao, na ubaoni funguo kumi na tisa za akiba ambazo watu wa mtaa walimwachia, ili siku wakipoteza zao wasivunje milango. Pazia alilishona marehemu mumewe kwa mkono wake. Alikuwa akisema ufunguo wa mtu ni kama mwili wake, hauanikwi mbele za watu. Yeye alizipa funguo namba. Alipofariki, Mama Funguo alichanganya namba mara moja, akaona haya mpaka akabandika karatasi mpya kwa mwandiko wa mviringo wa shuleni: *Mwalimu, ghorofa ya pili. Geti jeusi. Nesi, mlango wa kijani.*

"Lakini hiki ndicho watu wanataka kukiona," Binti alisema. "Nyumba kumi na tisa zimekuamini, mama. Nani mwingine anacho kitu kama hiki?"

Mama Funguo akalivuta pazia. Na si hilo tu: alichukua kitambaa akazifuta funguo zote, moja moja, zing'ae.

Sasa alifungua tovuti kwenye simu yake, akaitanua picha kwa vidole viwili kama alivyofundishwa. Funguo zikakua. Zikakua mpaka kila jino likasomeka, na chini yake mwandiko wake, safi, wa kusifiwa na mwalimu. Fundi yeyote mwenye macho akipewa picha hii, nyumba zote zile ziko wazi kabla jua halijazama. Akaanza kuomba, lakini hakujua aanzie wapi, akampigia Binti simu.

"Mwanangu, ile picha itoe."

"Shikamoo, mama. Picha ipi?"

"Marahaba. Ya ubao. Itoe sasa hivi."

"Si tulikubaliana Jumamosi? Na mimi niko safarini, nimekuja kumwona mjomba. Kwani imekaa vibaya? Mbona watu wanaisifu."

"Wanaisifu na wanaihifadhi. Nimeletewa ufunguo wa Nesi ndani ya simu ya mtu."

Kwenye simu akasikia jogoo wa kwa mjomba.

"Mama," Binti akasema, sauti imeshuka. "Neno la siri sina kichwani. Nililiandika kwenye daftari jekundu. Daftari liko kwenye droo. Droo nimeifunga, na ofisi nimeifunga."

Ufunguo wako wa akiba anao nani. Miaka yote hiyo aliwafungulia watu, na mlango wake mwenyewe ulikuwa kwenye droo ya mtu, umefungwa mara mbili.

"Ofisi yako iko hapa ubaoni," akasema polepole. "Msumari wa kumi na mbili. Unaniruhusu?"

"Mama, na wewe. Nenda tu."

"Sema unaniruhusu. Nisikie."

"Nakuruhusu, mama."

Alitembea na ule ufunguo kiganjani kama aliyebeba kaa la moto. Kila mwanamume aliyepishana naye alikuwa na shati lililopigwa pasi. Mshona viatu wa pale kona akamwona anaingiza ufunguo mlangoni, akamtania, "Mama Funguo, leo umehamia fotokopi?" Akacheka bila kufungua mdomo, akaingia, akajifungia kwa ndani.

Ofisi ilinuka wino na joto. Kitasa cha droo kilikuwa cha mchezo, cha kufunguliwa kwa waya uliopindwa. Hata hivyo waya ulimponyoka mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kumpata mbele ya mteja. Alipoinama kuuokota mara ya pili, kishikio cha mlango kikashuka.

Kikapanda. Kikashuka tena.

Alibaki ameinama, pumzi ameibana, macho kwenye kile kishikio.

"Pamefungwa," sauti ya mwanamke ikasema huko nje. "Twende kule kwingine." Nyayo zikafifia.

Akalipata daftari, akamsomea Binti herufi moja moja, kubwa na ndogo, kama mtoto anayesomeshwa. Dakika chache baadaye Binti akasema, "Imetoka, mama."

"Kabisa?"

"Kwenye tovuti, kabisa."

"Na kwenye simu yake?"

"Kule siwezi kufika, mama."

Wakati wa kurudi alipita kituo cha polisi. Kisha akarudi dukani, akatoa kitasa kipya kwenye boksi, akakiweka juu ya kaunta, akakitazama. Shetani hakuja na mapembe. Alikuja na sentensi nzuri, fupi: *Dada, kitasa chako kimechoka, ngoja nikubadilishie.* Nesi angefurahi. Na wale wengine vivyo hivyo, mmoja leo, mmoja kesho, mpaka wote waishe, na hakuna ambaye angejua, na ubao ungebaki umejaa. Akapiga magoti nyuma ya kaunta, juu ya vumbi la shaba, akaomba apewe maneno. Hakupewa maneno. Alipewa Nesi mwenyewe, akiingia na kikapu cha mboga.

"Uso huo vipi? Umeona nyoka au umeona mawifi?"

"Kaa, dada."

"Nikikaa sinyanyuki. Magoti haya yalistaafu kabla yangu."

"Kaa, dada yangu."

Nesi akakaa. Mama Funguo akamweleza yote, kuanzia pazia mpaka lile shati. Hata kile kitambaa cha kufutia hakukificha. Tabasamu la Nesi liliondoka kidogo kidogo, kama maji kwenye beseni lenye ufa.

"Wiki ngapi picha ilikuwa huko?"

"Tatu."

"Na imeandikwa nesi, mlango wa kijani."

"Ni mwandiko wangu."

"Mimi nalala peke yangu. Unajua."

"Najua."

"Askari umewaambia?"

"Nimewaambia. Wameandika: mwanamume, shati safi."

Nesi hakucheka. Wakaenda pamoja mpaka mlango wa kijani. Siku nyingine Nesi angemshikia skrubu na kumsimulia habari za wagonjwa wa zamani. Leo alisimama nyuma yake, ameupa mlango mgongo, anatazama barabara huku na huku. Skrubu nne zikatoka, skrubu nne zikaingia. Mama Funguo akafunga, akafungua, akafunga, akafungua. Wakarudi dukani kwa sababu kikapu kilibaki kule.

Akaweka funguo mbili mpya juu ya kaunta. Desturi yao ilikuwa moja: mmoja unaingia kwenye mkoba wa Nesi, wa pili Nesi mwenyewe anautundika msumarini, anasema, "Mlalishe salama." Pazia lilikuwa limeshushwa mpaka chini.

"Kesho naanza na mwalimu," Mama Funguo akasema. "Nitawaambia wote. Nitawabadilishia wote."

Nesi akachukua ufunguo wa kwanza, akaupima uzito kiganjani. Akachukua wa pili. Akalitazama pazia, muda mrefu, jinsi anavyotazamwa mgonjwa ambaye daktari ameshatoka chumbani kwake. Kisha akazitia funguo zote mbili kwenye kikapu, chini kabisa ya mboga, akakitia mkononi, akatoka.

Mama Funguo akabaki amesimama, sikio kwenye ukuta. Mlango wa kijani ukafungwa. Ufunguo ukazunguka mara moja. Akangoja. Ukazunguka mara ya pili, laini, bila kukwaruza, kama unavyozunguka ufunguo kwenye kitasa kilichowekwa na fundi anayejua kazi yake.