Jina la Fahali Wake

Shemeji yangu Cleophas alikuja Jumamosi na kamba mpya begani, nikajua amekuja kumzika kaka yake, mume wangu, akiwa hai. Hapa kwetu Shinyalu, fahali wa mapigano haondolewi zizini mwa mwenyewe mpaka mwenyewe afe. Cleophas anayajua hayo vizuri.

"Mama Wendy, usinikasirikie," akasema. "Ng'ombe anakaanga zizini tu bila kupigana. Na Barnaba hawezi kumtoa."

Nilikasirika. Mimi ndiye niliyemkatia fahali huyo, Tingatinga, majani ya nepia miezi minane, nikamnywesha, nikamtoa kupe. Siku zote hizo Cleophas sikumwona hata kivuli.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Mume wangu Barnaba alipopata homa, tulimpa dawa ya malaria, maana kwetu kila homa ni malaria. Siku ya nne akaanza kuweweseka na kutetemeka mwili mzima, kisha mguu wa kushoto ukafa. Hospitalini Daktari Jepkosgei alitueleza kuwa ni virusi vinavyoletwa na mbu, tena mbu wa aina nyingine, na vilikuwa vimeshaingia ubongoni. Dawa ya kuviua haipo.

Nikamuuliza atapona lini. Daktari hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mguu utarudi pole pole, mama, pengine usirudi wote. Maneno yatampotea, na hasira itakuwa karibu. Mpe mwaka mmoja, miwili. Kitakachokuwa hakijarudi kufikia hapo, mjifunze kuishi bila hicho."

Nililia pale pale mbele yake, wala sikuona haya.

Sasa Barnaba alikuwa amesikia sauti ya kaka yake. Akatoka nyumbani na fimbo, akiburuta mguu.

"Ng'ombe ni wangu," akasema. "Nitamtoa mimi."

"Mtoe basi," Cleophas akajibu. "Ukimfikisha kwa barabara, mimi narudi kwangu."

Hakuna aliyemzuia, hata mimi. Nilitaka aweze. Nilitaka sana hata nikasahau kuogopa.

Fahali wa aina hii hashikwi kabla ya mwenyewe kumwita kwa jina. Akisikia jina lake huinamisha kichwa, ndipo afungwe kamba. Barnaba akafungua lango la zizi. Tingatinga hakuutambua ule mwendo wa kuburuta mguu. Akakoroma, akachimba udongo kwa kwato. Barnaba akafungua kinywa amwite, na jina halikuja.

"Wewe... we..." Jasho lilikuwa likimtiririka. Jina lenyewe alilitoa yeye, siku ndama huyo alipozaliwa.

Fahali akapiga hatua mbele.

"Tingatinga!" nikaita.

Akatulia. Sauti yangu ndiyo aliyokuwa ameizoea. Barnaba akageuka kunitazama, na uso ule sitausahau. Ulikuwa wa aibu, na chini ya aibu, hofu tupu.

"Mwanamke haitangi ng'ombe wa kupigana," Cleophas akasema taratibu.

"Funga mdomo," Barnaba akamwambia. Hayo yalitoka bila kukwama. Kisha akaninyooshea mkono.

Tukamfunga Tingatinga kamba ya zizini, tukaenda pamoja, yeye akishika kamba, mimi nikiita. Kutoka zizini hadi barabarani ni hatua hamsini, na tulizipiga kwa muda mrefu. Alianguka mara moja, nikamwinua. Cleophas alitungoja mpaka tukafika, akaiweka kamba yake begani, akaenda zake bila kuaga.

Sasa ni miaka miwili tangu homa ile. Mguu ulirudi nusu. Kila asubuhi Barnaba huja jikoni, akasimama kwa soni, akaniuliza ng'ombe wake anaitwaje, nami humwambia. Jana nilipomwambia hakuondoka. Alinitazama sana, halafu akaniuliza mimi naitwa nani.

"Jescah," nikamwambia. Nikalirudia pole pole mpaka akaweza kulisema.